Boksi Lililodaiwa Kuwa Safarini

"Umefuta."

Inspekta Marselina Mkude hakuwa anauliza. Alikuwa anarudia alichosikia, labda kikitoka mdomoni mwake mwenyewe kingepungua ubaya. Hakikupungua.

"Nimefuta, mama," alisema Fundi Abdulnasir huku akijipangusa mikono kwa tambara. "Kirikuu yenu nimeiunganisha na mashine, nikasoma, nikafuta. Sasa hivi haina kosa hata moja. Hata taa ya injini imezimika."

"Fundi, sikuleta kirikuu uitibu. Niliileta uisome."

"Nimeisoma."

"Ilisema nini?"

Abdulnasir alijikuna kidevu. "Mambo madogo madogo. Sikuyatia kichwani."

Kuna watu Mungu kawaumba kwa ajili ya kupima subira za wenzao, na kwa maoni ya Marselina wengi wao walikuwa wamefungua gereji wilaya ya Bagamoyo. Alivuta pumzi. Nyuma yake Konstebo Clever alianza kuzitazama buti zake mwenyewe, maana alimjua afande wake.

Jumatano alfajiri Bi Mize, muuza vitumbua wa Mapinga, aligongwa pembeni mwa barabara ya Dar akienda kuwasha moto kibandani kwake. Aliyemgonga akakimbia, na watu walipofika mama wa watu alikuwa ameshakata roho. Kabla jua halijapanda vizuri, polisi wa doria walikuwa wamemkamata Mikidadi, dereva wa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ya kubeba samaki kutoka Saadani, anayepita njia ile kila alfajiri. Taa yake moja ilikuwa imepasuka na bampa lilikuwa na damu. Damu ya samaki, aliapa Mikidadi, na taa ilipasuka tangu mwezi uliopita. Sampuli zikapelekwa Dar kwa mkemia, na mpaka leo Ijumaa mkemia alikuwa hajatoa hata kikohozi.

Kilicholifanya jambo kuwa zito ni kwamba Bi Mize alikuwa mama mkwe wa Mikidadi. Samia, mkewe Mikidadi, ndiye binti pekee wa marehemu. Jana yake alifika kituoni, akasimama kaunta, akasema mbele ya kila mtu kwamba aliyemuua mama yake asikanyage tena mlangoni kwake. Mkuu wa upelelezi naye alikwishaamua: saa nane mchana kijana apelekwe mahakamani, asomewe shitaka, akalale rumande.

Marselina peke yake ndiye aliyekuwa haafiki, na sababu yake ilikuwa kipande cha plastiki nyeusi, kile kinachokaa juu ya tairi la mbele kuzuia tope lisiruke. Walikiokota hatua chache kutoka kwenye beseni la vitumbua. Clever alikijaribu kwenye kirikuu pande zote mbili, hakikukaa. Marselina alipompelekea mkuu wake, mkuu alisema barabara ile imejaa takataka.

"Nilitaka kujua kama boksi la umeme la kirikuu limeweka kumbukumbu yoyote ya asubuhi ile," Marselina alisema sasa, neno moja moja. "Lingeweza kumtoa mtu ndani au kumweka. Wewe umelifuta."

"Ndiyo ustaarabu wa kazi, mama. Huwezi kumwogesha mtoto ukamvalisha nguo chafu. Gari likiingia kwangu, kwanza nalifuta, ndipo nashika bisibisi. Uliza mji mzima."

"Gari lolote?"

"Lolote."

Marselina hakuona faida ya kuendelea. Angeweza kumkamata kwa kuharibu ushahidi, lakini ni kituo chenyewe kilichomkabidhi gari bila kumpa maelekezo, tena ni fundi wa kituo kwa miaka na miaka. Aligeuka aondoke. Ndipo alipoiona gari aina ya Harrier ya kijivu kwenye kona ya uzio, imefunikwa turubai nusu. Turubai lilikuwa limepeperushwa upande wa kulia, na ndani ya tairi la mbele kulionekana bati tupu na waya mmoja unaning'inia. Alichuchumaa, akatazama kwa muda. Upande wa kushoto plastiki ilikuwepo.

"Hii ya nani?"

"Ya Bwana Herman, yule dalali wa viwanja wa Mapinga." Abdulnasir alisogea taratibu. "Hiyo ni maiti, mama. Kaileta Jumatatu, taa ya injini inawaka. Siku hiyohiyo nikatoa kontrol boksi, ndiyo ubongo wa injini, nikaituma Dar kwa mtaalamu wa kuzifungua. Boksi liko safarini mpaka leo. Na gari bila boksi la injini haliendi popote."

Alifungua boneti kuthibitisha. Kweli, mahali pa boksi palikuwa wazi, na soketi mbili kubwa zilikuwa zimelala juu ya betri.

"Na plastiki ya tairi?"

"Lilikuja hivyo. Mimi na bodi wapi na wapi, mama, mimi fundi umeme."

"Na hili nalo ulilifuta?"

"Jumatatu hiyohiyo. Maboksi yote, si la injini tu. Mashine yangu ni kubwa, si vile vidude vya kuunganisha na simu."

Marselina alihisi kichwa kinaanza kumgonga upande mmoja. Alimtuma Clever akachukue kipande cha plastiki kwenye gari lao. Clever alipiga magoti, akakipachika. Kilikaa, na matundu ya skrubu yakalingana.

"Jumatano gari hili halikuwa na boksi, afande," Clever alinong'ona. "Fundi kasema."

"Nimesikia alichosema. Tafuta gari la kuvuta. Na ufunguo tunaondoka nao."

Abdulnasir hakubisha. Alitoa ufunguo mfukoni mwa ovaroli, akasema tu kwamba Bwana Herman ni mtu mgomvi na yeye hataki lawama.

Njia nzima ya kurudi kituoni Clever alikuwa anamsulubu Herman. Alikuwa na sababu zake. Herman aliwahi kuutaka uwanja wa Bi Mize ulio kando ya barabara, Bi Mize akakataa, wakatoleana maneno mbele ya mjumbe. Kwa hesabu ya Clever, Herman aliingiza gari gereji Jumatatu kwa makusudi, akalitoa kwa siri, akaua, akalirudisha.

"Bila boksi?" Marselina aliuliza.

"Pengine ana boksi lingine."

Marselina alimpigia Herman. Simu ilipokelewa na kelele za watu na sahani.

"Mimi niko Moshi kwenye msiba wa shemeji yangu tangu Jumanne," Herman alifoka kabla hajamaliza kuelezwa. "Nimekuja na basi kwa sababu gari nimeliacha kwa fundi, na ufunguo nimemwachia yeye. Kugombana na yule mama nimegombana. Nimegombana na nusu ya Mapinga, ndiyo kazi yangu. Sasa mnataka nini?"

"Nataka mtu wa kuthibitisha kwamba uko huko."

Kukawa na purukushani, halafu sauti nyingine ikaja, ya taratibu. Ilikuwa ya Padre Methodius, kiongozi wa ibada ya mazishi, na alisema ndiyo, Herman yuko pale, alilala hapohapo Jumanne usiku, na kama polisi wana namna ya kumwita arudi Bagamoyo mapema, familia haitapinga. Marselina alimshukuru, akakata simu.

"Herman wako huyo," alimwambia Clever. "Tafuta mwingine."

Kituo hakikuwa na mashine ya kupimia magari. Kilikuwa na barua tatu za kuiomba. Kwa hiyo Marselina alikuwa amempigia Evelyn Mhina, mwalimu wa umeme wa magari katika chuo kimoja cha ufundi kule Chalinze, aliyejuana naye kwenye kesi ya malori. Evelyn aliwasili karibu na saa sita akiwa na begi mgongoni na uso uliokunjamana kwa vumbi na hasira, maana njia nzima walikuwa wanatengeneza madaraja.

"Nani kaligusa hili gari kabla yangu?" lilikuwa swali lake la kwanza.

"Fundi. Kafuta Jumatatu."

"Wanafuta kwanza, wanasoma baadaye. Nawafundisha miaka mitatu, wakitoka chuoni wanakwenda kufuta." Alijitupa kwenye kiti cha dereva, akaingiza plagi ya mashine chini ya usukani, akawasha swichi. Mashine ilizunguka weee, kisha ikaandika kwamba hakuna mawasiliano.

"Hakuna mawasiliano na nani?" Marselina aliuliza.

"Na yeyote."

"Mwalimu, usinitanie. Nina mtu anakwenda mahakamani saa nane."

"Sikutanii, Inspekta. Subiri."

Simu ya Marselina ililia. Mkuu wa upelelezi alitaka kujua kwa nini jalada la Mikidadi halijafika mezani kwake. Marselina alisema analimalizia. Mkuu aliuliza ni kweli kwamba uwanjani kuna gari la watu limevutwa bila idhini yake. Marselina alisema mtandao unakatika, akaizima.

Evelyn alikuwa ametoa mita ndogo na kuichomeka kwenye tundu mbili za plagi ileile ya chini ya usukani. Ilionyesha mia na ishirini.

"Umeona? Ilitakiwa iwe sitini," alisema. "Haya, njoo nikueleze, maana najua utaniuliza mara kumi. Gari hili halina boksi moja, lina mengi. La injini, la breki, la usukani, la mifuko ya hewa, la dashibodi. Yote yameungwa kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Boksi halimpigii mwenzake simu. Linatangaza kwenye nyaya, na wote wanasikia. La injini linatangaza mzunguko wake, la breki linatangaza mwendo wa matairi, kila mmoja anachukua kinachomhusu."

"Kama kundi la WhatsApp la ukoo," Clever alisema.

"Hivyohivyo. Hata asiyechangia anasoma. Sasa, kila mwisho wa nyaya hizo kuna kizuizi kidogo cha umeme, kinachozuia matangazo yasirudi kama mwangwi. Viwili vikiwepo, mita inasoma sitini. Kimoja kikikosekana, inasoma mia na ishirini, na makelele yanakuwa mengi hata hawasikilizani. Katika gari hili kimoja kimo ndani ya boksi la injini. Lililoondoka limeondoka nacho."

"Kwa hiyo basi," Marselina alisema, na sauti ilikuwa imechoka kweli. "Boksi liko Dar na sisi tunatwanga maji kwenye kinu."

"Sijasema hivyo." Evelyn alipekua begi, akatoa kitu kidogo kama punje ya mpunga yenye miguu miwili ya waya. Alikwenda chini ya boneti, akakipachika kwenye soketi iliyokuwa imelala juu ya betri, kati ya tundu mbili alizozitafuta kwenye mchoro wa simu yake. Aliporudi, mita ilisoma sitini na kidogo. Akawasha mashine tena. Safari hii yalijiorodhesha maboksi, moja moja, na la injini tu ndilo lililokosekana.

Alifungua la breki. Wote watatu waliinamisha vichwa.

Kulikuwa na makosa mawili. La kwanza kuandikwa: kipimo cha mwendo cha tairi la mbele kulia kimepotea, waya umekatika. La pili, lililokuja baadaye: boksi la injini halisikiki. Evelyn aligusa la kwanza, ukafunguka ukurasa wa hali ya gari wakati kosa linaandikwa. Mwendo kilomita sabini na tatu kwa saa. Breki imekanyagwa. Injini inazunguka mara elfu mbili na ushei kwa dakika.

"Plastiki ilichomoka, ikang'oa waya," Clever alisema.

"Lini?" Marselina aliuliza.

"Hapo sina jibu," Evelyn alisema. "Boksi la breki halina kalenda. Linajua la kwanza na la pili, halijui Jumanne wala Jumatano."

Marselina alikaa kwenye ngazi ya kituo, juani, kofia mkononi. Tangu alfajiri ile alikuwa amezungushwa na mkemia asiyejibu, mkuu asiyesikia na fundi asiyejua kunyamazisha vidole vyake, na sasa boksi lililoona kila kitu halikujua siku. Alitamani kulipiga teke tairi. Mkononi mwa Clever saa ilikuwa inakimbilia saa saba, na kutoka mahabusu ilisikika sauti ya Mikidadi akiomba maji ya kutawadha.

"Mwalimu," alisema Marselina. "Hilo boksi la breki limejuaje mzunguko wa injini?"

"Limesikia. Boksi la injini linatangaza."

"Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna. Breki hazipimi injini."

"Na boksi likifutwa, kama hili lilivyofutwa Jumatatu, yote hayo yanaondoka?"

"Mashine kubwa ikifuta maboksi yote, yanaondoka yote. Linabaki jeupe."

Marselina alisimama, akavaa kofia. "Clever, nenda msikitini kamngoje Fundi Abdulnasir akitoka kuswali. Mwambie kwa adabu kwamba nahitaji maelezo yake ya kitaalamu, na kwamba hatutamchelewesha. Mwalimu, wewe utakaa humo chumbani na hutasema neno."

Abdulnasir alikuja na kanzu safi na kofia ya mkono, ananukia udi. Alimsalimia kila mmoja, akaulizia hali, akakaa. Marselina aliwasha kinasa sauti cha simu, akamweleza kwamba anarekodi, kisha akavuta karatasi.

"Fundi, nisaidie niandike sawasawa, maana mimi umeme siujui. Harrier uliipokea lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaunganisha mashine, nikafuta. Nikatoa boksi la injini. Mchana wake nikalituma Dar."

"Ulifuta la injini."

"Yote, mama."

"La breki pengine ulisahau. Kazi nyingi, mtu anasahau."

Abdulnasir alimtazama kama aliyetukanwa. "Mimi si fundi wa juzi. Nilifuta la breki, la usukani, la mifuko ya hewa, yote, na nikayapitia mara ya pili kuhakikisha. Yalikuwa meupe. Andika hivyo."

"Naandika. Na tangu ulipotoa boksi, gari liliwaka?"

"Litawakaje?"

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Mimi sigawi funguo za wateja."

Marselina aliweka kalamu chini, akamgeuzia mashine ya Evelyn. Hakumweleza chochote. Katika chumba kile Abdulnasir alikuwa mtu wa pili, baada ya Evelyn, asiyehitaji kuelezwa. Macho yake yalishuka mstari wa kwanza, wa pili, yakafika kwenye mzunguko wa injini, yakaganda hapo.

"Haya nielekeze," Marselina alisema. "Jumatatu boksi la breki lilikuwa jeupe, kwa kauli yako. Leo lina kosa lililoandikwa gari likiwa mbioni, breki imekanyagwa, injini inazunguka. Habari za injini linaambiwa na boksi la injini peke yake. Nani aliliambia, fundi, wakati boksi la injini liko kwenye basi linakwenda Dar?"

Feni ya dari ilikuwa inalia kila ikimaliza mzunguko.

"Labda sikufuta vizuri."

"Umefuta, ukapitia mara ya pili. Nimeandika."

"Labda Herman alikuja akalichukua."

"Herman yuko Moshi. Na wewe hugawi funguo." Marselina alisogeza kiti mbele. Hasira aliyoibeba tangu asubuhi ilikuwa imeshuka na kutulia mahali pazuri, na sauti yake ikawa ya chini. "Abdulnasir, nimechoka. Sina nguvu ya kusikia uongo wa tatu. Kuna kijana humo ndani atapelekwa mahakamani muda si mrefu kwa kumuua mama mkwe wake. Boksi liko wapi?"

Fundi alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Kwenye shimo la choo," alisema. "La gereji."

"Kwa nini?"

"Nilidhani limebeba kila kitu. Nililing'oa palepale nilipofika, nikaja kuunganisha mashine nifute mengine, ikawa inagoma. Inasema hakuna mawasiliano. Nikasema basi, kama mimi siwezi kuyasoma, nani atayasoma."

Evelyn alifungua mdomo, Marselina akamtazama, akaufunga.

"Ulikuwa unatoka wapi?"

"Tegeta, kwenye harusi ya binamu yangu. Jumanne usiku." Alijikuna kidevu. "Harrier niliimaliza Jumatatu hiyohiyo. Ilikuwa sensa tu ya injini, kidude cha kupimia. Watu wote pale wanakuja na magari yao, mama. Nisingeweza kushuka kwenye bodaboda mbele ya wakwe. Nikasema nalijaribu gari la mteja, nalirudisha kabla ya alfajiri, nani atajua. Sisi mafundi wote tunafanya hivyo."

"Endelea."

"Nilisinzia. Kidogo tu. Nikasikia kishindo."

"Ulisimama?"

Clever alikohoa.

"Nilisimama. Nikashuka. Alikuwa hai."

Hilo Marselina hakulitegemea.

"Alinijua," Abdulnasir alisema. "Zamani alikuwa jirani yetu huku mjini, kabla hajahamia Mapinga. Akaniita kwa jina. Akasema, Nasir mwanangu, nikalishe. Nikamkalisha, nikamwegemeza kwenye kingo ya mtaro. Nikamwambia nakwenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali."

"Ulikuwa na gari."

"Nilikuwa na gari la watu," fundi alisema, na hapo akaanza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima kisicho na sauti. "Damu ingeingia kwenye viti."

Marselina aliuliza swali moja lililobaki, ingawa kisheria halikuwa na kazi yoyote: jioni ya Jumatano alikuwa wapi.

"Mazikoni," alisema Abdulnasir. "Nilishika jeneza mbele, upande wa kulia."

Clever ndiye aliyemsimamisha na kumtoa. Marselina alimpigia mkuu wake, akamweleza kwa maneno machache kwamba Mikidadi haendi, na kwa nini. Mkuu akauliza sasa mahakamani saa nane atapelekwa nani, maana alishampigia mwendesha mashitaka. Marselina aliweka simu mezani ikiwa bado inaongea, akaenda kuchukua funguo za mahabusu.

Samia alikuwa kwenye benchi la kaunta. Alikuwa ameitwa aje asikilize shitaka likisomwa. Alikuwa na kanga mbili za msiba na macho yaliyovimba, na alipomwona Inspekta alijiandaa kuinuka.

"Kaa, mama," Marselina alisema, akakaa kando yake. Alimwambia. Hakuzunguka, na hakuficha lile la mwisho, la jeneza, kwa sababu lingemfikia tu na kwa midomo mibaya zaidi.

Samia alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anakunja pindo la kanga, anakunjua, anakunja tena.

"Alikuja kwangu kutoa rambirambi," alisema. "Aliniambia nimshukuru Mungu kwamba muuaji amepatikana."

Mikidadi alitolewa miguu mitupu, ndevu zimemjaa, ananuka chumba. Askari wa zamu alimpa mkanda na viatu vyake, akamwambia yuko huru. Alivishika viatu mkononi bila kuvivaa. Alikuwa amemwona mkewe.

"Nilisema maneno mbele za watu," Samia alisema, bado amekaa.

"Niliyasikia. Mahabusu iko nyuma ya ukuta huo."

"Yote?"

"Yote."

Samia aliinamisha kichwa. Marselina alijifanya anatafuta kitu kwenye droo ya kaunta, na mwenye zamu akafanya vivyo hivyo, wakawa wawili wanatafuta kisichokuwepo.

"Sikumzika mama, Samia," Mikidadi alisema. "Mnyonge wa watu kabebwa na yule, mimi nimefungiwa humu. Nionyeshe kaburi tu. Halafu ukitaka niende zangu, nitakwenda."

"Silijui," Samia alisema. "Wanawake hatukwenda. Walilibeba jeneza wakatokomea nalo, na mimi mpaka leo sijui wamemlaza wapi."

Alinyanyuka, akajifunga kanga sawasawa, akavichukua viatu kutoka mkononi mwa mumewe na kuviweka sakafuni mbele ya miguu yake.

"Vaa," alisema. "Tutauliza njiani."